Chura wa Meza ya Tisa

Tuushushe kwanza ule mkono. Tangu gazeti la wiki iliyopita Mkuu wa Idara ya Baiolojia amesimama katikati ya maabara, mkono wa kushoto umeinua bakuli la kioo, kidole cha mkono wa kulia kimemlenga msichana mmoja, na pale bakuli lilipofunikwa hamna kitu. Msomaji mmoja alinisimamisha dukani akaniuliza, yule mzee hachoki? Amechoka. Ndiyo maana kidole sasa kinatetemeka.

"Wewe," akasema. "Chura yuko wapi?"

Aliyeulizwa ni Hadubini. Jina hilo wenzake walimpa mwaka wa kwanza, kwa tabia yake ya kukitazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Baba yake ni fundi cherehani. Koti lake jeupe la maabara alishonewa na baba huyo kutoka kwenye shuka, na ukigeuza kola utaliona ua la bluu la shuka bado limo.

Huu ulikuwa mtihani wake wa mwisho wa vitendo. Akiupita, ana shahada. Akikutwa na hatia ya udanganyifu hafutiwi mtihani peke yake, anafutwa yeye mzima, miaka yote mitatu, kama mtu aliyekuwa anapita tu kuomba maji.

Kwa wale waliofungia nyanya gazeti la wiki jana, nieleze mtihani wenyewe. Huu haukaliwi, unatembelewa. Meza zimepangwa kuzunguka chumba, na kila meza ina kitu chake: fuvu la panya, jani lenye ugonjwa, mdudu ndani ya chupa. Swali ni lile lile kila mahali: hiki ni nini, na umejuaje. Kila mwanafunzi anaanzia meza yake. Kengele ikilia wote wanasogea meza inayofuata, kimya, kama watu wanaozunguka jeneza. Halafu iko meza moja ambayo haina kitu kabisa, inaitwa ya kupumzika. Ukifika hapo unakaa, unapumua, unajikuna unapotaka.

Meza ya tisa ilikuwa na chura mzima, chini ya bakuli la kioo lililopinduliwa. Hadubini ndiye aliyeanzia hapo. Akamwona chura, akaandika jibu, kengele ikalia, akasogea. Mtihani ulipokwisha Mkuu wa Idara akainua bakuli, na hapo ndipo tulipoachana.

"Nilimwacha hapo hapo, Mwalimu," Hadubini akajibu.

Mkuu wa Idara akageukia darasa. Wanafunzi wanamwita Formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti za wanyama, kwa sababu kila kinachokaa naye muda mrefu hakiozi lakini pia hakiishi tena. Akawaeleza kesi ilivyo. Chura alikuwepo mwanzo. Aliyeanzia hapo ni huyu. Ni huyu huyu aliyekuwa akiwalisha vyura muhula mzima, anawajua kwa sura. Ameandika jibu lake, akamficha chura, ili wenzake wote wapate sifuri na yeye peke yake apate alama.

Sikatai, ilisikika vizuri. Uongo wa mtu mwenye cheo huwa umepigwa pasi.

Hadubini akasema kuna jambo moja la kweli. Bakuli lilikuwa limejaa mvuke, chura anahema kwa shida, kwa hiyo aliinua ukingo kidogo akauegemeza kwenye kifutio chake. Alikusudia kukitoa kengele ikilia. Akasahau.

"Kwa hiyo umekiri," Formalini akasema.

"Nimekiri kifutio."

"Twende juu kwa Makamu."

Juu ni juu kweli. Dari ya maabara ndiyo sakafu ya ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Huko kuna zulia, pazia na jokofu dogo la soda. Huku chini kuna mabomba ya gesi ambayo gesi iliyahama zamani, masinki mawili yaliyozibwa kwa matambara, na vigoda vinavyomng'ata mtu nguo kwa nyuma. Chuo chenyewe ni kidogo hivyo: mkubwa akikokota kiti, walio chini wananyunyiziwa chokaa kwenye slaidi zao.

Formalini alikwisha kuokota mkoba wake. Ulikuwa mkoba mpya wa ngozi nyeusi, wenye kufuli ya namba. Wanafunzi walikuwa wameuona tangu asubuhi na wakanong'onezana, maana mtu huyu siku zote hutembea na mfuko wa nailoni.

Hapo ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Kabla hamjapanda ngazi."

Alikuwa mtahini wa nje. Chuo kikimaliza kutahini watu wake, lazima aje mtu kutoka chuo kingine aangalie kama hawakuibiana. Mwaka huu ameletwa mama mmoja mtu mzima, profesa, mnene kidogo, viatu amevivua chini ya kiti. Mtihani mzima alikuwa amefumba macho, akimung'unya peremende. Darasa zima lilidhani amelala. Formalini naye alidhani hivyo, na alikuwa amefurahi.

Akasema kanuni zinamruhusu kumwita mwanafunzi yeyote na kumuuliza kwa mdomo. Angependa kusikia kila mmoja aliona nini kwenye meza ya tisa.

Formalini akasema chai iko tayari.

"Chai itanisubiri," mama akasema. "Haina miguu. Aliyekuwa na miguu ni chura."

Wakaanza. Kijana aliyemfuata Hadubini akasema alikuta meza haina kitu, ila bakuli lililoegemea kifutio. Akaulizwa alifanya nini. Akasema alipumzika. Na bakuli alidhani la nini? Akafikiri, akasema alidhani la kutapikia, kwa wale watakaozidiwa na mtihani.

Aliyefuata alipumzika pia. Na aliyefuata. Kila mmoja akasema alipumzika meza ya tisa, kisha alipofika meza ya kupumzika yenyewe akapumzika tena.

"Na hakuna hata mmoja wenu aliyeshangaa?" mama akauliza.

Mimi ningemjibu. Mwanafunzi gani duniani aliyepewa pumziko mara mbili akaenda kulalamika?

Basi likawa wazi jambo moja, na mama akalisema kwa sauti ili lisipotee: chura aliondoka mapema, mara baada ya kengele ya kwanza. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Akabaki mtu mmoja hajaulizwa.

Huyu jina lake hapa ni Mpwa. Wanafunzi hawajui ni mpwa wa nani hasa. Wanajua tu kwamba ni mpwa wa mtu, kwa jinsi anavyofika saa anayotaka na kusamehewa kabla hajaomba. Wengi walikubaliana kuwa ni wa Formalini, kwa sababu nani mwingine angembeba vile. Alianzia upande wa pili wa chumba, karibu na mlango, na meza ya tisa aliifikia wakati watu wameshaanza kupiga miayo.

Akasimama mbele ya mama, amependeza, amenukia.

"Wewe meza ya tisa ulikuta nini, mwanangu?"

"Chura, Profesa." Kwa kujiamini kabisa. "Chura dume. Nimemtambua kwa koo lake jeusi, na kwa ule ugumu mweusi kwenye kidole gumba ambao dume hutumia kumshikilia jike."

Maabara yote ikanyamaza. Sinki likasikika likidondosha tone.

Nadhani Mpwa aliposikia ukimya ule alidhani ni heshima, maana alitabasamu. Kisha akawaangalia wenzake, akaona nyuso zao, na tabasamu likaanza kutafuta pa kutokea.

Mama akahamishia peremende shavu la pili. Akamuuliza taratibu, huyo chura alikuwa amekaaje? Amekaa kawaida. Wapi? Chini ya bakuli. Na wenzako wote walikuta bakuli tupu?

"Labda," Mpwa akasema, "labda alirudi."

Kijana wa bakuli la kutapikia akacheka mpaka akashika meza.

Lakini msimdharau Formalini. Watu hawafiki pale kwa bahati. Alikohoa, akasema huyu kijana ana macho makali, bila shaka alimwona chura wakati wanaingia, mlango uko wazi, akaweka kichwani. Je, ni kosa mtu kuwa na kumbukumbu? Na zaidi ya hayo, jibu lake ndilo. Yeye mwenyewe, aliyetunga mtihani, anathibitisha: mwongozo wa majibu unasema chura dume, koo jeusi, kidole gumba kigumu.

"Sasa tumsikie huyu aliyemwona kwa macho yake," akasema, akimgeukia Hadubini. "Wewe uliandika nini?"

Hadubini akamtazama Mpwa, akamtazama Formalini, kwa lile jicho lake.

"Niliandika jike."

Formalini akacheka kicheko kizima, cha tumbo. Ni mara ya kwanza watu kukisikia. Akamwambia mtahini, Profesa, unaona? Aliyemwona kwa mbali amepata. Huyu anayedai alimwona puani kwake amekosa. Yaani hata kumtazama hakumtazama. Alikuwa na haraka ya kumficha.

Darasa likaguna. Hata waliompenda Hadubini wakaanza kupiga hesabu vichwani. Mwongozo unasema dume. Mwongozo ndio unaotoa alama. Mwongozo haujawahi kuonekana ukiomba radhi.

Mama wa peremende akamwita Hadubini karibu. Akamuuliza kama muhula mzima walikuwa wakifundishwa kwa chura dume. Akasema ndiyo, dume mmoja mkubwa, ndiye wa kila somo. Basi ungeandika dume hata ukiwa umefumba macho, ukapata alama zako. Kwa nini ukaandika jike?

"Kwa sababu nilimtazama," Hadubini akasema. "Koo lilikuwa jeupe. Kidole gumba laini."

"Na kama ulikosea kutazama?"

"Basi nimekosea. Lakini nilitazama." Akaishika kola ya koti lake. "Mama yangu alipimwa damu akiwa mgonjwa, Profesa. Aliyepima hakuangalia kwenye kioo cha hadubini. Aliandika ule ugonjwa aliozoea kuandika. Tukampa dawa za ugonjwa asiokuwa nao mpaka tukamzika. Mimi nilikuja kusoma kitu hiki ili nisije nikaandika nisichokiona."

Kitanda changu mwenyewe kina upande mmoja usiolaliwa kwa sababu ya jibu la namna hiyo, na aliyeliandika alipandishwa cheo. Tuendelee.

Mama wa peremende hakusema pole. Alivaa viatu. Kwa waliokuwa wanamwangalia, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko pole.

Akamwita fundi wa maabara, mzee mmoja mwembamba wanayemwita Mzee Chupa, kwa kuwa utamkuta saa zote ana chupa mkononi na brashi ndani yake. Ndiye aliyepanga meza asubuhi. Mama akamuuliza, chura uliyemweka meza ya tisa alikuwa dume au jike?

Mzee Chupa akamwangalia Formalini. Formalini akaangalia saa yake. Mzee Chupa akaisugua chupa ambayo ilikuwa safi tangu jana.

"Mama," akasema, "mimi ni wa kuosha tu."

Sitamlaumu sana. Ukiishi chini ya watu hawa unajifunza kutokuwa na macho, ndiyo kinga ya kwanza wanayokupa kazini na ndiyo pekee.

"Basi yuko mmoja tu anayeweza kutusaidia," mama akasema. "Atafutwe. Akipatikana dume, binti huyu hajui anachokisoma na pengine ni mwongo. Akipatikana jike, nitakuwa na maswali kwa watu wengine."

Hapo ndipo ungeona elimu ya juu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, makoti meupe, wamepiga magoti wote, vichwa chini ya meza, makalio yameelekea ubaoni. Wengine wanaita kwa sauti ya kubembeleza. Mmoja anapapasa nyuma ya kabati la mifupa akatoa kiatu cha mtu aliyehitimu zamani. Hadubini anatambaa ukutani, kifutio chake mkononi, anaomba kimoyomoyo chura asiwe ametoka nje, maana akitoka nje na shahada imetoka naye.

Formalini hakutafuta. Alikaa kwenye kigoda, mkoba mweusi umewekwa sakafuni kati ya miguu yake, akisema kwa sauti kwamba hivi ndivyo muda wa taifa unavyopotea.

Ndipo chura akalia.

Krrrrok. Mara moja, kwa kina, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya hotuba.

Kila mtu akaganda pale alipo. Ikasikika tena. Haikutoka chini ya kabati wala kwenye sinki. Ilitoka kwenye ule mkoba mweusi.

Wengine walifurahi kwamba chura amepatikana. Hadubini alisikia kitu kingine, na polepole wenzake, mmoja baada ya mwingine, nao wakakisikia, kwa maana ni somo la mwaka wa pili, hata mvivu analikumbuka. Jike hapigi kelele za namna ile. Anayelia hivyo, kwa kuita mchumba, ni dume.

Alikuwa dume. Mwongozo ulisema kweli. Mpwa alisema kweli. Na yeye, aliyekuja kusoma ili asiandike asichokiona, aliandika asichokiona.

Sura ya Formalini ilipita rangi mbili. Mwanzo ilikuwa ya mtu aliyekutwa chooni mlango wazi. Kisha ungemwona akili zikimrudia, moja moja, mpaka akasimama akiwa mrefu kuliko alivyokaa.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Dume. Kama nilivyoandika. Na amemficha ndani ya mkoba wangu mimi, kabla sijaufunga, ili nionekane mwizi wa chura wa chuo changu mwenyewe. Profesa, mimi nadhani tumemaliza."

Mpwa akapumua kwa sauti. Mama wa peremende akamwangalia Hadubini, na macho yale hayakuwa ya hukumu, yalikuwa ya huzuni, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Hadubini akainuka, akaanza kufungua vifungo vya koti lake. Alikuwa amefika cha tatu. Alikuwa anafikiria baba yake atakavyoliona koti lile limekunjwa kwenye meza ya cherehani, ua la bluu likiwa juu.

Ndani ya mkoba dume akalia mara ya tatu. Humo gizani nadhani aliamini usiku umeingia, na kwa vyura usiku ni wa shughuli.

Na chini ya ubao, kwenye lile pengo ambalo chuo kimeahidi kuliziba tangu jengo lifunguliwe, kikatoka kichwa.

Kikafuatiwa na mwili. Mnene, wa kahawia, umejaa vumbi la chaki mgongoni. Ukaruka mara moja, ukatulia, ukasikiliza. Dume akalia tena. Ukaruka tena, moja kwa moja katikati ya sakafu, mbele ya makoti meupe yote, bila kumwogopa mtu, kuelekea kwenye mkoba.

Kijana wa bakuli la kutapikia ndiye aliyesema kwa sauti ndogo. "Anamfuata."

Bila shaka anamfuata. Dume anaita, jike anakwenda. Hilo nalo ni la mwaka wa pili. Hata mimi, ambaye shule niliiacha pale walipoanza kuchanganya herufi na hesabu, hilo nalijua bila kufundishwa.

Chura akafika, akakaa mbele ya ngozi nyeusi, akainua uso. Koo lake likaonekana na chumba kizima. Lilikuwa jeupe kama sahani.

Hadubini akapiga magoti tena. Hakumshika. Alimtazama tu, kisha akavifunga vifungo vyake vitatu.

"Huyo ndiye niliyemweka meza ya tisa asubuhi," akasema Mzee Chupa, ambaye ushujaa ulikuwa umemfikia kwa kuchelewa lakini umefika mzima. Na yakamwagika yote. Yule dume wa masomo alipotea kutoka kwenye tangi lake mwisho wa wiki. Akampelekea Mkuu wa Idara taarifa. Akajibiwa aweke chura yeyote, chura ni chura, asilete maneno. Akaweka jike. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Hakuna aliyekuja kuangalia. Mama wa peremende aliyarudia maneno hayo kama mtu anayeonja kitu kichungu.

Sasa ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye masikio. Chura wa mtihani ni huyu wa sakafuni, jike, kama alivyoandika Hadubini. Anayelia ndani ya mkoba ni yule aliyepotea mwisho wa wiki. Mtu alimchukua akampeleka nyumbani, akamfundishia Mpwa jibu la meza ya tisa, na Mpwa akalikariri mpaka kidole gumba. Kumrudisha ndiko kulikowashinda.

"Fungua mkoba," mama akasema.

Formalini akaukumbatia. Akasema haufunguki.

"Zungusha namba."

"Sizijui namba zake."

"Mtu hajuije namba za mkoba wake?"

Na hapo, wapenzi wasomaji, yule mtu ambaye kwa miaka mingi amewanyooshea watoto wa watu kidole, mabega yakamwanguka. Alionekana mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka mwisho wa hadithi hii, na amenikosesha.

"Kwa sababu si wangu," akasema. "Nimeletewa asubuhi. Niliambiwa nimrudishe kwenye tangi kimya kimya kabla ya mtihani. Namba wakasahau kunipa. Nikapanda kuziuliza nikaambiwa yuko kikaoni, nisubiri."

"Ulitumwa na nani?"

Formalini akainua macho kwenye dari. Wote wakayafuata macho yake.

Juu, kiti kikakokotwa. Chokaa ikadondoka kidogo juu ya meza ya tisa. Zikasikika hatua, zikavuka chumba, zikaanza kushuka ngazi bila haraka, hatua za mtu ambaye hajawahi kukimbilia kitu. Mlango ukasukumwa bila kubishwa.

Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa mtu mfupi, nadhifu, viatu vyake ungeweza kujitazamia ukachana nywele. Hakumwona mtahini kule dirishani. Alimwona Formalini.

"Mbona mkoba wangu bado uko huku chini?" akauliza.

Mpwa, ambaye darasa zima lilikuwa limemgawa kwa Formalini miaka mitatu, akasimama wima kama mtoto wa shule ya msingi. Hakumtazama Formalini hata kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

Dume akalia kutoka ndani ya ngozi.

"Karibu sana," akasema mama wa peremende, na Makamu akageuka ghafla. "Tulikuwa tunamtafuta mtu anayezijua namba."

Alimwangalia mama. Akamwangalia mpwa wake, akauangalia mkoba. Ni mtu aliyezoea kuangalia chumba na kujua ndani yake nani anaweza kunyamazishwa. Mkoba ni wake, hakuna atakayeufungua kwa nguvu. Mpwa ni wake. Formalini ni wake. Mzee Chupa angerudi kwenye chupa zake kabla jua halijazama. Mtahini ni mgeni, na mgeni asiye na ushahidi huondoka na maneno tu. Katika chumba kizima kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuwa na madaraka nacho, nacho kilikuwa kimechoka kusubiri mbele ya mkoba, kikageuka, kikaruka mara mbili na kupanda juu ya kiatu chake cha kulia.

Jike. Koo jeupe. Shahada nzima ya Hadubini, imekaa juu ya kiatu cha Makamu, inahema.

Makamu akaitazama. Nadhani alielewa upesi kuliko mpwa wake angeelewa kwa mwaka. Bila jike, hakuna vyura wawili. Bila vyura wawili, mwongozo unasema dume.

Akautikisa mguu, chura akaangukia sakafuni. Kisha, pole pole, kana kwamba anajinyoosha tu, akainua kiatu.

Hadubini alikuwa bado amepiga magoti. Aliunyoosha mkono wake wa kuandikia, akamfunika chura kwa kiganja, na kutoka pale chini akamtazama Makamu usoni, kwa lile jicho.

Kiatu kilikuwa kimeshaanza kushuka.